Povu Juu ya Gari la Marehemu

Wanaomfuata Sharifa tangu mwanzo wanajua jinsi mumewe Sadiki alivyofia njiani akitoka Bukavu. Wanajua pia jinsi mto Mulongwe wa Uvira ulivyofurika kabla matanga hayajaisha, ukaingia dukani kwake na kubeba vitenge vyote mpaka ziwani. Anayeanza leo asiwe na wasiwasi, akae hapa, atafahamu. Mwenyewe Sharifa ndiye aliyenisimulia, na palipomshinda kusema, nami nimepita haraka.

Baada ya maji, kilichobaki ni gari.

Gari jeusi, refu, ambalo Sadiki alilileta kutoka Bujumbura na kulipenda kuliko kanzu yake ya Idi. Lilikodishwa kubeba maharusi, kuanzia Kalundu mpaka vijiji vya uwanda wa Ruzizi. Walid, kifungua mimba wa Sharifa, ndiye aliyeliendesha. Gari hilo ndilo lililoleta unga nyumbani: unga wa Sharifa na wanawe, na unga wa Chadia, mke mdogo wa marehemu, aliyekaa upande wa pili wa ua na watoto wake wadogo.

Lakini Halidi, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ametoa neno mbele ya ukoo mzima. Gari lisiuzwe. Likae mikononi mwa Sharifa, lilishe wajane na watoto, maadamu linabaki kama marehemu alivyoliacha.

"Siku nitaona limeharibika, Shemeji," alisema Halidi, "tutaliuza, na kila muntu atakamata fungu lake."

Ndiyo maana Sharifa aliogopa hata mkwaruzo wa kuku. Na ndiyo maana sabuni ilimsumbua.

Chupa ya sabuni ya gari aliyoiacha marehemu ilikwisha siku zilezile ambazo mzee Nsengiyumva wa Runingu alikuja kulikodi gari kwa harusi ya binti yake. Gari lilikuwa limetoka Nyakabere kwenye harusi nyingine, limejaa vumbi la uwandani mpaka huwezi kujua kama ni jeusi au ni jekundu.

"Yaya, kamata sabuni ya unga umalize," Chadia alimwambia, akimwita yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yake. "Povu ni povu."

"Hapana. Hii iko gari ya watu. Nitaenda kuuliza."

Akaenda kwa Mathieu, fundi wa kupaka magari rangi, ambaye marehemu alimwamini. Mathieu alikuwa amelala chini ya pikapu moja. Alitoka, akajipangusa mikono, akamsikiliza.

"Sabuni ya unga itakukwaruzia rangi, Mama Walid. Achana nayo."

"Na ile ya maji, ya kuoshea masahani?"

"Ile wameitengeneza ili ikule mafuta. Sahani haina nta, lakini gari iko nayo. Ukiosha nayo mara kwa mara, nta inaisha, kisha jua linaanza kazi yake."

"Basi ya mawese, ya kipande?"

Mathieu akatikisa kichwa. "Hiyo usiisogeze hata kidogo. Wanaipika na soda kostiki, na hakuna anayejua wametia kiasi gani. Juu ya rangi kuna verni, inakaa kama kioo chembamba. Soda inakula kile kioo. Ikishakula, hakuna kusugua wala kuomba. Ni kupaka upya."

"Sasa ninunue gani?"

"Shampo ya gari yenyewe. Waandike nyuma kwamba ni ya rangi ya gari, na haina ukali, wala ule wa ndimu wala ule wa majivu. Tia kidogo mu maji mengi. Jaribu kwanza chini ya mlango, pasipoonekana. Osha kivulini, na usiache povu likauke."

Sharifa alizunguka maduka mpaka akaipata. Chupa ya maji ya buluu, kifuniko bado kimefungwa na kiwanda. Akarudi nayo, akajaribu chini ya mlango wa nyuma. Akasuuza, akangoja, akapitisha kidole. Rangi ilikuwa inang'aa, nyororo kama shavu la mtoto.

Akaiweka ile chupa juu ya kabati la masahani, akatoka kwenda kumpa pole jirani aliyefiwa. Gari angeliosha akirudi, jua likishapita nyuma ya mlima.

Aliporudi alimkuta Chadia ameshateka maji, ameshapanga ndoo na sponji.

"Nikusaidie, yaya. Kesho ni siku kubwa."

Sharifa alishangaa. Tangu Sadiki afe, Chadia hakuwa mtu wa kujitolea. Alikuwa anajibu akiulizwa, anakula akipewa, basi. Siku ile alichanganya sabuni mwenyewe, akapiga povu mpaka likajaa ndoo. Sharifa alifurahi. Alinieleza kwamba alijiambia moyoni: leo nimepata mdogo wangu.

Walipaka povu gari zima. Yaani, Sharifa alipaka. Chadia alishika ndoo, akasema vidole vyake vina kidonda cha kisu, hataki maji ya sabuni.

Walipofika kwenye kusuuza, ndoo za maji safi zilikuwa tupu.

"Ngoja nikimbie nikateke maji kwenye robine ya jirani," Chadia akasema. "Yetu wameikata."

Akakawia. Sharifa akasimama na sponji yake, akiangalia povu likitoa vitundu na kuanza kukauka. Mikono yake ilikuwa inawasha. Alidhani ni pilipili aliyokata asubuhi. Akaita. Akaita tena. Chadia alipotokea na maji, kiza kilikuwa kinaingia. Wakasuuza harakaharaka, wakalifunika gari turubai likiwa bado linachuruzika.

Asubuhi mzee Nsengiyumva akafika na wakwe zake wawili, wamevaa makoti. Alitaka waone gari kabla halijapambwa maua.

Walid alikuwa tayari ameamka, amenyoa, amevaa shati jeupe.

"Karibuni, wazee. Ni gari inayobeba mabibi harusi wa Uvira nzima," akasema, na akalivuta turubai kwa mkono mmoja, kama mtu anayefunua sinia la pilau.

Mkwe mmoja akarudi hatua nyuma.

Boneti lilikuwa limepauka. Michirizi myeupe ilishuka milangoni kama machozi yaliyokaukia usoni. Mapambo ya alumini kando ya madirisha yalikuwa yamegeuka ya kijivu, na juu ya paa kulikuwa na mabaka kama ya ukurutu.

Sharifa alikimbilia kitambaa. Akasugua. Akatema mate, akasugua tena. Alidhani ni povu lililobaki. Halikuwa povu.

"Mama," mzee Nsengiyumva akasema taratibu, "binti yangu siwezi kumupandisha mu hii."

"Muzee, nipe mpaka saa sita..."

"Hapana. Usichoke bure. Tutatafuta ingine."

Wakaondoka wakiongea Kirundi kwa sauti ya chini. Sharifa alisikia kicheko kimoja kifupi huko nje ya geti, na hicho kicheko, aliniambia, kilimuuma kuliko gari.

Alipogeuka, Walid alikuwa tayari na simu sikioni. "Baba mukubwa, kuja uone."

Halidi alifika kabla chai haijapoa. Alizunguka gari mikono nyuma. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile alikuwa nayo machache zaidi.

"Uliosha na nini, Shemeji?"

"Na shampo ya gari. Mathieu ndiye alinishauri. Nilijaribu kwanza, haikufanya kitu."

"Lete chupa."

Wakaenda nayo kwa Mathieu, Sharifa na Halidi, bila kusemezana njiani. Mathieu akafungua kifuniko. Akatia tone moja kwenye maji, akalisugua kati ya vidole viwili, kisha akakimbilia beseni kunawa.

"Hii si ile," akasema. "Rangi ni ileile, harufu ni ileile, lakini imetiwa soda. Tena nyingi. Angalia mikono ya huyu mama."

Wote wakaitazama mikono ya Sharifa. Ilikuwa myekundu, ngozi imeanza kutoka kwenye ncha za vidole.

"Nani alitia?" Halidi akauliza.

"Hilo muulizane nyumbani," akasema Mathieu, na akarudi chini ya gari lake.

Njiani kurudi ndipo Halidi akasema. "Haya si mambo ya bahati mbaya. Basi nitafutie jina. Jumapili ukoo utakaa kwangu. Aliyefanya hivi hatakula tena kitu cha marehemu, na hatalala mu ua wake. Awe mwanamke, awe mutoto. Ukikosa jina, tutajua ni uzembe wako, na gari itauzwa."

Jina lilikuwa moja tu kichwani mwa Sharifa. Nani alichanganya sabuni? Nani alichelewesha maji? Nani alikataa kulowesha vidole?

Alimkuta Chadia jikoni kwake anakaanga ndagala, wale dagaa wa ziwani. Hakumsalimia.

"Nioneshe kidonda chako cha kisu."

Chadia hakugeuka. "Kidonda gani?"

"Chadia. Nioneshe mukono."

Akauonesha. Vidole vilikuwa vizima, laini, bila alama.

Mafuta yaliendelea kulia katika kikaango. Sharifa akavuta kigoda, akakaa.

"Tulimuoshea Sadiki nguo zake za mwisho pamoja," akasema. "Weye ndiye ulinishika mukono kaburini wakati wanaume walitukatalia kusogea. Minye nilikukosea nini?"

"Unataka kujua?" Chadia akaondoa kikaango motoni. "Kila Ijumaa unanipimia unga na kikombe. Unapima, unapangusa juu na kidole ili usizidi. Watoto wangu ni wa Sadiki kama wako. Minye niko mugeni hapa, yaya? Ninapokea kama muntu wa kuomba."

Sharifa alitaka kujibu kwamba unga ulikuwa mdogo, kwamba hata kwake alipima. Alikumbuka kile kidole.

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekuambia ungenipa nini? Neno zuri?" Sauti ya Chadia ikapasuka. "Niliahidiwa fungu langu. Nipate chumba changu, mlango wangu, nisipimiwe tena. Wakaniambia ni rangi tu, gari haitakufa, na weye hautaumia. Sikujua itakula mikono yako. Nilipoona jana usiku unaipaka mafuta, nililia."

"Waliokuambia ni nani? Ni Halidi?"

Chadia akarudisha kikaango motoni.

"Niambie. Ni Halidi anayetaka gari?"

"Halidi hajue kitu." Akashika ncha ya kitenge chake, akaikunja, akaikunjua. "Minye nilimwaga tu mu ndoo. Soda aliitia yeye mwenyewe mu chupa, wakati ulienda kwenye kilio. Aliinunua kwa wapishi wa sabuni. Kuna muntu wa mji wa Baraka anayetaka gari, hajali rangi, ataipaka njano aifanye taksi."

"Nani, Chadia?"

"Walid."

Sharifa alisimama akampiga kofi. Chadia hakujikinga. Aliuacha mkono umfikie, kisha akasema kwa utulivu, "Nipige tena ukitaka. Bado ni Walid."

Hakuamini. Ni mama gani angeamini? Mtoto aliyemnyonyesha katika miaka ya kukimbia vita, aliyembeba mgongoni kupanda njia za Lemera akitafuta hospitali, homa ya mtoto ikimchoma yeye mgongo. Chadia ametafuta jina zito la kujifichia, alijiambia. Mwizi akikamatwa hutaja wakubwa.

Basi akampikia Walid chakula anachopenda, ugali wa muhogo na samaki wa kukaanga, akakaa mbele yake akimwangalia anavyokula. Aliamua kumuuliza kama mtu anayeomba shauri.

"Mwanangu, Baba mukubwa anataka jina Jumapili. Mathieu anasema ile sabuni waliibadilisha."

"Si nilijua." Walid alimega tonge. "Ni Mama mudogo, huyo. Mama, huyo mwanamke iko na wivu tangu zamani. Umutaje tu, aondoke na watoto wake."

"Aondoke aende wapi?"

"Akwende kwao. Haituhusu."

"Lakini atakuwa aliweka nini, mpaka gari kuwa vile?"

"Soda inaunguza hivyo, Mama. Hata ukitia nusu ya kopo tu inakula mpaka..."

Akasita hapo. Tonge likabaki njiani.

Sharifa hakuwa amesema soda. Mathieu alilitaja neno hilo mbele yake na Halidi peke yao, na Halidi alikuwa ameapa kutolitoa mdomoni mpaka Jumapili, ili amnase mwenye kosa.

Walitazamana, mama na mwana. Ilikuwa kama kumtazama mtu asiyemjua aliyevaa uso wa mtoto wake.

"Kwa nini?" akamuuliza.

Walid akanawa mikono polepole, akaifuta. Hakukana tena. Labda hilo ndilo lilimuuma zaidi, kwamba hakujisumbua hata kukana.

"Minye nitaendesha maharusi ya watu mpaka lini, Mama? Wenzangu wako Kigoma, wako Lubumbashi, wanafanya biashara. Fungu langu limelala pale chini ya turubai, na weye unaliosha. Unaliosha kama vile Baba atarudi."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Nawe ungekuwa bado mwanangu mwenye kunikasirikia. Sasa uko nani?"

Walid akainuka. Mlangoni akageuka. "Jumapili utamutaja nani?"

Hakungoja jibu.

Siku zile mpaka Jumapili Sharifa hakulala vizuri. Akimtaja Walid, Halidi atamfukuza, na Halidi hakuwahi kurudisha neno lake. Mtoto angetoka mikono mitupu, na jina la mwizi wa mali ya baba yake lingemtangulia popote katika pwani hii. Akimtaja Chadia peke yake, angekuwa anasema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ingewalaza watoto wa Sadiki nje.

Jumapili baada ya Alasiri wakakaa sebuleni kwa Halidi. Wazee kwenye viti, wanawake kwenye mkeka. Chadia alikaa karibu na mlango, mtoto wake mdogo amelala mapajani. Walid alikaa upande wa wazee, shati jeupe, kofia kichwani, mikono imetulia magotini.

Halidi akasoma dua. Kisha akasema, "Shemeji. Nilikuomba jina."

Sharifa alimwangalia mwanawe. Mara moja tu. Alikuwa anatafuta kitu kidogo tu usoni mwake, woga, au aibu, au ombi. Walid alikuwa anaangalia saa yake.

"Ni minye," Sharifa akasema.

Minong'ono ikapita chumbani.

"Minye ndiye nilitia vibaya. Niliona uchafu haung'oki, nikachanganya na soda ya sabuni. Niliogopa kusema. Chadia hana kosa, hakuna mwingine mwenye kosa. Nisameheni."

Halidi alikuwa amekuwepo kwa Mathieu. Alikuwa ameona chupa na ile mikono. Haijulikani aliamini nini, lakini alikuwa amemwomba jina mbele ya watu, na amepewa.

"Basi ni uzembe, na gari itauzwa," akasema.

Sharifa akainamisha kichwa. Aliniambia kwamba wakati huo alihisi wepesi fulani. Gari limekwenda, alijiambia, lakini mtoto amebaki. Ataona nilichomfanyia. Usiku atakuja, ataketi kitandani kwangu, atalia.

Walid akakohoa.

"Baba mukubwa, kama ni ruhusa." Aliongea kwa adabu nzuri, kama alivyofundishwa na marehemu. "Minye niliona tangu zamani, nilinyamaza kwa sababu ni mama yangu. Mama amechoka. Kifo cha Baba kilimuchukua kichwa. Leo amechoma gari, kesho je? Na nyumba nayo iko mikononi mwake. Ninaomba, kama wazee mnakubali, hati ya nyumba isikae kwake tena. Minye ni mwanaume, ninaweza kuichunga."

Wazee wakaanza kuitikia kwa vichwa. Mmoja akasema, "Mutoto anasema kweli." Mwingine akasema, "Inauma, lakini ni kweli."

Sharifa alijaribu kuinua uso. Ulikuwa mzito. Hakusikia hasira. Alisikia kitu kinashuka ndani yake, chini, chini zaidi, bila kufika mahali.

Ndipo Chadia akamlaza mtoto wake kwenye mkeka na kusimama.

Wanawake hawasimami katika kikao cha Halidi. Chumba kizima kikageuka.

"Yaya Sharifa anasema uongo," akasema.

"Kaa, Mama mudogo," Walid akasema, bado kwa ile sauti ya adabu. "Kaa, ufikirie watoto wako."

Chadia hakukaa. Halidi akainua mkono kumnyamazisha Walid. "Uongo gani?"

Sharifa, ambaye siku zote zile aliutaka ukweli huu kama mgonjwa anavyotaka maji, alinyoosha mkono wake uliochunika ngozi, akakamata upindo wa kitenge cha mke mwenzake. Akauvuta. Midomo yake ikasema, bila sauti, usiseme.

Chadia akautazama ule mkono. Akamtazama Walid. Kisha akavuta pumzi.